Jua haki zako: Ukijihami kwa silaha, hesabu ni yako

Kila anapouawa mtu aliyedaiwa kuwa mwizi, taarifa huishia kwa maneno yaleyale: ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kwa chumba cha habari maneno hayo yanatosha. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, hayatoshi, kwa kuwa hakuna mshtakiwa aitwaye Hasira Kali. Yupo aliyeshika panga, yupo aliyerusha tofali, yupo aliyeleta petroli, na kila mmoja ana jina lake. Tena kifungu cha 23 kinasema watu wakiungana kwa nia moja kutenda jambo lisilo halali, kosa lolote ambalo ni tokeo linaloweza kutarajiwa la jambo hilo linakuwa la kila mmoja wao. Anayedhani kundi litamficha amekosea: pigo ambalo hakulipiga yeye linaweza kuandikwa kwake.

Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi huchanganya mambo mawili, kujihami na kuadhibu. Kujihami ni haki, na ni pana kuliko inavyodhaniwa mitaani. Kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, vilivyozoeleka kwa namba 18A, 18B na 18C, vinamruhusu mtu kujikinga mwenyewe, kumkinga mwenzake hata kama si ndugu yake, na kulinda mali yake au ya mtu mwingine isiporwe wala kuharibiwa. Kenya, katika kifungu cha 17 cha kanuni yao ya adhabu, wanarejea mapokeo ya sheria ya Uingereza. Sisi masharti yetu yameandikwa waziwazi ndani ya sheria yenyewe, na raia anaweza kuyasoma. Sharti kubwa ni la 18B: nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa kinga hiyo, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lililotokea, na ukiua kwa kuzidisha, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo haki hii huanza na hatari na huisha nayo. Mwizi akishaangusha panga lake na kugeuka kukimbia, ile silaha iliyoko mkononi mwako haina tena ulinzi wa kifungu cha 18.

Hapo ndipo msomaji atakaponikatiza: polisi wako mbali, usiku ni mkubwa, na jambazi hasubiri mtu apime. Ni hoja nzito, na sheria imeizingatia. Kifungu cha 18C kinamlinda hata aliyesababisha kifo, ikiwa alitenda kwa nia njema, akiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba bila kufanya hivyo yeye au mwingine angekufa, angejeruhiwa vibaya, angebakwa au angetekwa, au kwamba anakabiliana na uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi au uchomaji moto. Mwaka 1971 Baraza la Faragha jijini London, katika rufaa ya Palmer iliyotoka Jamaika, lilikubali kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu zake kwa usahihi wa mizani ya sonara. Zaidi ya hayo, si kazi yako kuthibitisha kwamba ulijihami. Suala hilo likishaibuka katika ushahidi, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kulivunja bila kuacha mashaka ya msingi.

Lakini imani hiyo lazima iwe na sababu, na sababu huchunguzwa. Jeraha liko kifuani au mgongoni? Ni moja au kumi na moja? Marehemu alikutwa sebuleni, au mita mia mbili kutoka getini? Maneno "unyang'anyi" na "uvunjaji wa nyumba" katika 18C si ruhusa ya kumuua aliyekwapua simu au kuku. Kwa sababu hiyohiyo nina shaka kubwa na wanaotega nyaya za umeme uani au shambani. Waya hauamini chochote, hauoni kama aliyeugusa ni jambazi au mtoto anayefuata mpira, na aliyeutega alikuwa amelala. Sioni atakavyoieleza mahakama kuhusu hatari aliyoiona.

Wengine watasema wezi wakipelekwa kituoni kesho wako mtaani. Yawezekana, na malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo ni malalamiko dhidi ya polisi na mahakama. Hayawi utetezi wa aliyeua. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kosa kuthibitishwa. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipata nafasi katika sheria mwaka 1989, na raia wa kawaida naye anaweza kumkamata anayetenda kosa mbele yake. Hakuna kati yao aliyepewa mamlaka ya kuhukumu. Kamata, kabidhi polisi.

Kuhusu bunduki, leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakuruhusu kumiliki. Haibadilishi kipimo cha 18B hata kidogo. Na asiye na leseni, hata kama silaha yake ni gobore la kurithi, anaweza kushinda hoja ya kujihami na bado akashtakiwa kwa kuimiliki, kosa linaloangukia katika uhujumu uchumi.

Ikitokea umejeruhi au kuua, toa taarifa polisi mara moja na usiguse kitu. Unayo haki ya kumpata wakili au ndugu kabla ya kuhojiwa, na huwajibiki kujibu kila swali. Unapoandika maelezo, eleza hatari uliyoiona, umbali, na ulichofanya ilipokwisha. Kosa la mauaji halina dhamana, kwa hiyo hata mwenye haki anaweza kukaa mahabusu muda mrefu. Asiye na uwezo wa kulipa wakili katika kesi ya mauaji hupangiwa mmoja na mahakama. Aulize mapema ni nani, na amweleze kila kitu.