Nördlingen, mji wenye ukuta wa mviringo

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa kusini, katika jimbo la Bayern, kuna bonde pana liitwalo Ries. Bonde hilo ni la mviringo kama bakuli. Toka ukingo mmoja hata ukingo wa pili ni kilomita 24 hivi. Ndani ya bakuli hilo mna mji mdogo, jina lake Nördlingen. Wakaaji wake ni 20,000 na zaidi kidogo. Mji wa kale nao ni wa mviringo, na ukuta wa mawe unauzunguka pande zote. Leo tutasoma habari za mji huo. Tutaona jinsi watu wake walivyojilinda na adui wa nje, na jinsi walivyoshindwa na adui wa ndani.

1. Bonde na mawe yake

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba bonde la Ries lilifanywa na mlima wa moto, kama vile Nyiragongo karibu na Goma. Walidhani hivyo kwa sababu waliona huko mawe ya kijivu yenye alama za kuyeyuka. Lakini mwaka 1960 Mmarekani mmoja, Eugene Shoemaker, alifika Ries akachukua vipande vya mawe hayo. Yeye na mwenzake Edward Chao waliyapima, wakaona ndani yake madini yaitwayo koesiti. Madini hayo hutokea kwa mgandamizo mkubwa mno, nao mlima wa moto hauna nguvu ya kuyafanya juu ya uso wa nchi. Basi ukweli ukajulikana: yapata miaka milioni 15 iliyopita jiwe kubwa mno, lenye upana wa kilomita moja au zaidi, lilianguka toka angani likachimba bonde lile kwa kishindo kimoja. Mwaka 1970 wasafiri wa mwezini wa Apollo 14 walikwenda Ries kujifunza kutambua mawe ya namna hiyo.

Tena kuna jambo la ajabu. Kanisa kubwa la Nördlingen, kanisa la Mtakatifu Georgi, limejengwa kwa mawe hayo hayo. Kwa miaka mia nne na zaidi watu waliyagusa kila siku, wala hawakujua yametoka katika jambo gani.

2. Soko na ukuta

Jina la Nördlingen limeandikwa katika hati ya mwaka 898. Mwaka 1215 mfalme Friedrich II aliupa mji uhuru wake. Tangu hapo haukuwa chini ya bwana yeyote wa jirani, ila chini ya mfalme peke yake. Mwaka 1219 tunasoma habari za soko lake kubwa la Pentekoste. Wafanya biashara walitoka mbali kuleta mali na kununua. Wenyeji wenyewe walifuma nguo na kutengeneza ngozi. Watengeneza ngozi walikaa kando ya mto Eger, maana kazi yao yataka maji mengi. Nyumba zao zilikuwa na dari pana zenye kupitisha upepo, ili ngozi zikauke.

Mji ukitajirika, wezi na mabwana wenye tamaa huutazama. Watu nao walikuwa wamezidi, hata wengi wakajenga nje ya ukuta wa kwanza. Kwa hiyo mwaka 1327 mfalme Ludwig aliamuru ukuta mpya ujengwe. Urefu wake ni karibu kilomita 2 na nusu na zaidi, nao una malango matano. Hata leo mtu aweza kupita juu yake, chini ya paa, akauzunguka mji wote mpaka kurudi pale alipoanzia.

3. Lango lisilofungwa

Wenyeji husimulia hadithi ya mwaka 1440. Bwana mmoja wa jirani, mtawala wa Oettingen, alitaka kuuteka mji. Hakuleta ngazi wala mizinga, alileta fedha. Aliwahonga walinzi wa lango moja, nao wakaliacha bila komeo usiku. Lakini usiku ule nguruwe mmoja alikuwa akizurura njiani. Alijikuna ubavu kwenye lango, na lango likafunguka kidogo. Mwanamke mmoja aliyepita akaona, akapiga kelele, watu wakaamka, lango likafungwa, na mji ukapona.

Juu ya kanisa la Mtakatifu Georgi kuna mnara uitwao Daniel, wenye urefu wa meta 90 hivi na madaraja 350. Hata siku hizi mlinzi hukaa juu yake. Kila usiku, toka saa nne mpaka saa sita, kila nusu saa, huita kwa sauti: « So, G'sell, so! » Maana yake ni kama kusema: « Haya, mwenzangu, haya! » Watu husema kwamba mwito huo ni kumbukumbu ya usiku ule.

Fikirini hapa, watoto. Ukuta ulikuwa mzima. Mawe hayakupasuka. Hatari ilitoka kwa watu wa ndani, waliopewa kazi ya kulinda.

4. Adui wa ndani

Miaka 150 baadaye hatari kubwa zaidi ilizaliwa ndani ya mji. Wakati ule katika Ulaya watu wengi waliogopa ulozi. Mtoto akifa, ng'ombe akikosa maziwa, mvua ya mawe ikiharibu shamba, watu waliuliza: « Ni nani aliyetuloga? » Kati ya mwaka 1589 na 1598 baraza la mji wa Nördlingen liliwahukumu watu 35 kuwa walozi, likawaua: wanawake 34 na mwanamume mmoja. Hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, na wengine walikuwa wake za wakubwa wa mji.

Mambo yalikwendaje? Mtu mmoja alishtakiwa kwa maneno tu. Akikana, waliamuru ateswe. Aliposhindwa na maumivu, alikubali kila kitu. Ndipo waamuzi walimwuliza: « Na wenzako ni nani? » Naye, ili mateso yakome, alitaja majina yoyote. Wale waliotajwa walikamatwa, wakateswa, wakataja wengine. Ndivyo kosa moja lilivyozaa makosa kumi. Waamuzi walidhani wanaona walozi wengi. Kumbe, mateso yao ndiyo yaliyowazaa.

Mwaka 1593 alikamatwa Maria Holl, mwenye nyumba ya wageni, mzaliwa wa mji wa Ulm. Walimtesa mara 62. Hakukubali kosa asilolifanya, wala hakumtaja mtu hata mmoja. Ndugu zake na wakubwa wa Ulm walimwombea. Mwezi wa Oktoba 1594 baraza lilimwachilia, naye akalazimishwa kuapa kwamba hatalipiza kisasi. Baada yake watu wengi walianza kuona shaka juu ya hukumu zile, na mwisho zikakoma.

Walinzi wale wa zamani walifungua lango kwa fedha. Mama huyu hakulifungua lango la kinywa chake hata kwa maumivu.

5. Vita na umaskini

Maria Holl alikufa mwaka 1634. Mwaka huo huo jeshi la mfalme mkuu liliuzingira mji, na mwezi wa Septemba likawashinda Waswidi na wenzao katika vita vikali karibu na Nördlingen. Ndani ya mji watu walikufa kwa njaa na tauni. Baada ya vita biashara ilipungua, na mji haukuurudia utajiri wake wa kwanza. Mwaka 1803 ulipoteza uhuru wake, ukawekwa chini ya Bayern.

Wakati ule miji mingi ilikuwa ikibomoa kuta zake. Lakini mwaka 1826 mfalme Ludwig I wa Bayern aliamuru ukuta wa Nördlingen usibomolewe. Kwa hiyo ungali wote mpaka leo, na wageni wengi huja kuutazama.

Lakini wenyeji hawakuhifadhi mambo ya sifa tu. Katika uwanja uitwao Weinmarkt wamejenga chemchemi yenye jina la Maria Holl. Mji ulimtesa, mji unakiri. Mtu mwenye kuficha aibu yake huirudia. Mwenye kuitazama huweza kuiacha.

Wahenga walisema: « Kikulacho ki nguoni mwako. » Hata kwetu, kuna mzee au mtoto anayefukuzwa nyumbani kwa sababu mtu amefariki na watu wamesema: « Ndiye mlozi. » Ukisikia maneno hayo, mkumbuke Maria Holl. Uliza kwanza: Ni nani aliyeona? Ugonjwa ulikuwa gani? Mganga wa hospitali amesema nini? Wataalamu walipopima jiwe la Ries, ukweli ulijulikana. Tusimhukumu mtu kwa haraka kuliko jiwe.

Maana ya maneno

Kuhonga: kumpa mtu mali kwa siri ili atende yasiyo haki.
Komeo: kipande cha mti au cha chuma cha kufungia mlango.
Kuzingira: kuzunguka mji pande zote ili mtu asitoke wala asiingie.

Maulizo

1. Zamani watu walidhani bonde la Ries lilifanywa na nini? Ukweli ulijulikanaje?
2. Kwa nini watengeneza ngozi walikaa kando ya mto?
3. Mtawala wa Oettingen alitaka kuingia mjini kwa njia gani?
4. Kwa nini watu walioteswa walitaja majina ya wengine?
5. Kwa kuwa Maria Holl hakumtaja mtu, wengine walipata faida gani?
6. Jirani akishtakiwa ulozi katika kijiji chako, utafanya nini? Andika mistari mitano.