Kuona Michoro ya Kolo: Niliyojifunza kwa Safari Mbili

Mara ya kwanza nilipopanda mlima wa Kolo, nilirudi Dodoma nikiwa nimeona madoa tu. Nilifika saa sita mchana, nikapita pango moja baada ya jingine kwa dakika chache, nikapiga picha, nikashuka kuwahi basi. Nilipozifungua picha zile nyumbani, niliona mwamba wenye wekundu wekundu, basi. Niliumia, maana nilikuwa nimesubiri safari ile kwa miaka.

Msimu uliofuata nilirudi. Safari hii nilikaa chini mbele ya ukuta mmoja nikanyamaza. Baada ya muda ikatokea shingo ya twiga, kisha mgongo wake. Pembeni yake wakajitokeza watu wembamba warefu, vichwa vyao vikubwa vya mviringo. Mwamba ulikuwa uleule. Nilichoongeza ni muda. Ndiyo maana naandika haya, ili wewe usihitaji safari ya pili kama mimi.

Fahamu unakokwenda

Tunaita mapango, lakini usitarajie shimo refu lenye giza. Mengi ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama upenu wa nyumba, na michoro iko kwenye ukuta chini ya upenu huo. Mvua na jua havikuifikia moja kwa moja, ndiyo maana imedumu. Eneo lote la michoro ya miambani ya Kondoa, ambamo Kolo imo, ni kilomita za mraba 2,336, kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi hapa na kunakili michoro takribani 1,600, kisha mwaka 1983 akaichapisha katika kitabu.

Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji na wakusanyaji matunda. Rangi yake ni udongo wenye kutu ya chuma. Ile myeupe, ambayo mara nyingi ni minene zaidi, ilikuja baadaye, wakati wa wakulima na wafugaji.

Safari yenyewe

Kolo iko takribani kilomita 180 kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya Babati na Arusha. Barabara hiyo sasa ni lami. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa mwaka 2018. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja, maana kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Lala mjini Kondoa, halafu asubuhi na mapema panda gari linaloelekea Babati, na umwambie kondakta tangu mwanzo kwamba unashuka Kolo. Kutoka kijijini hadi chini ya mlima ni mbali kwa miguu, kwa hiyo chukua bodaboda. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, na beba fedha taslimu.

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na wakati huo njia za udongo huharibika na mawe huteleza. Vaa viatu vyenye soli inayoshika na uchukue maji ya kutosha, kwa kuwa mlimani hakuna pa kununua.

Anza ofisini

Usipande peke yako hata kama njia unaijua. Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale na makumbusho madogo. Jiandikishe hapo, lipa kiingilio, upewe mwongozaji. Mwongozaji wa hapa ni mtu wa kijiji. Anajua pango lipi lina nyuki na ukuta upi unaonekana vizuri saa ngapi. Anajua pia ni siku gani hupaswi kufika mahali fulani kwa sababu wazee wana shughuli zao.

Panda ukiangalia walio hai

Wanyama wa Kolo hawapo ukutani tu. Asubuhi pimbi hutoka kuota jua juu ya mawe, na wakikusikia wanajificha kwenye nyufa. Tembea polepole, simama mara kwa mara, utawaona. Kuwajua kutakusaidia hata pangoni, kwa sababu mikojo yao hukauka na kuacha michirizi myeupe kwenye mwamba, na mgeni anaweza kudhani ni rangi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mnyama huyu mdogo kama sungura ana undugu wa karibu na tembo. Unampita akiwa ameketi juu ya jiwe, kisha unaingia chini ya jiwe hilohilo unamkuta tembo amechorwa.

Kaa kwanza, angalia baadaye

Ukitoka kwenye jua kali, mboni za macho zimebana, na rangi nyekundu juu ya mwamba wenye wekundu wake wa asili haiwezi kuonekana mara moja. Keti ukiupa mgongo mwanga wa nje. Subiri kama robo saa bila kushika simu. Halafu usitafute mnyama mzima. Tafuta mstari mmoja, shingo au mguu, uufuate. Michoro mingi imechorwa juu ya mingine, kwa hiyo ukipoteza mstari rudi ulikoanzia. Ukishampata mnyama wa kwanza, wengine hawachelewi.

Pango lina wenyewe

Juu kabisa kuna mahali panapoitwa Mungumi. Nilipofika nilikuta majivu na kipande cha kibuyu. Mwongozaji aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hapa watu bado wanakuja kuomba mvua na uponyaji. Tuingie kwa heshima." Nilivua kofia. Usiguse kitu kilichoachwa hapo wala usikipige picha bila ruhusa. Ukimkuta mzee, amkia, subiri uitikiwe, ndipo useme shida yako. Kwa watu wa Kolo hapa ni mahali pa ibada, na sisi ni wageni waliokaribishwa.

Usimwagie maji, usiguse

Wapo waliokuwa wakimwagia michoro maji ili rangi ikolee kwa ajili ya picha. Maji hayo hubeba chumvi za mwamba, yakikauka yanaacha utando mweupe juu ya rangi. Mafuta ya vidole nayo huharibu. Wengine wamechimba sakafu za mapango wakitafuta hazina zinazosemekana kufichwa na Wajerumani wakati wa ukoloni, na kila shimo linavuruga tabaka za udongo ambamo historia ya wachoraji imelala. Mwongozaji wangu alipotaka kunionyesha pofu, kidole chake kilisimama shubiri nzima kutoka ukutani. Fanya hivyohivyo, na zima flashi ya kamera.

Ukirudi, tazama makorongo

Ukishuka, angalia milima ya Irangi inayokuzunguka. Ardhi yake imepasuka makorongo mekundu yenye kina cha kutisha, matokeo ya miaka mingi ya mmomonyoko. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Kwa wafugaji ilikuwa hasara nzito. Lakini nyasi na miti vilirudi, na leo unaona kijani kimeshika kingo za makorongo yale. Mwombe dereva asimame kidogo uangalie.

Ukiwa na siku moja tu

Waongozaji watakutajia mapango mengi, Pahi, Fenga, Thawi, na yote yanastahili. Kama una siku moja tu, chagua mlima mmoja, na katika mlima huo ukuta mmoja wa kukaa nao. Mimi katika safari ya pili niliona mapango machache kuliko ya kwanza. Yule twiga wa Kolo, hata hivyo, ningeweza kukuchorea sasa hivi mchangani, kuanzia shingo.