Msikiti wa Senti 50

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, aendaye Singapore hustaajabia maghorofa, na Wachina, Wamalay na Wahindi kukaa jengo moja. Sisi tuliotoka Kakamega kuizuru, tuliitazama zaidi misikiti yao. Ule wa Omar Kampong Melaka ulijengwa mwaka 1820 na tajiri mmoja, Syed Omar Aljunied, mwenye asili ya Hadhramaut kama jamaa wengi wa Lamu na Mombasa. Desturi hiyo twaijua: kumngoja tajiri.

Lakini serikali ilipowahamishia watu katika mitaa mipya, misikiti ikawa haba. Basi mwaka 1975 ikaanzishwa hazina ya kujengea misikiti: kila Mwislamu mwenye kazi akatwe senti 50 katika mshahara wa mwezi, na asiyetaka ajitoe. Mwaka 1977 ukafunguliwa Msikiti Muhajirin, Toa Payoh. Na jina lenyewe, wahamaji, limewafaa. Nao ni wachache, kiasi cha 15 katika 100.

Kakamega tunao walimu na makarani wapokeao mshahara kila mwezi, na bado twabisha hodi kwa wafadhili wa ng'ambo. Tuanze na shilingi 50, zishikwe na mtu mwenye daftari, na hesabu isomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa.