Mkipanda Sanje, jua lisiwatangulie

Wadogo zangu, Desemba ikikaribia swali lenu ni lilelile: dada, kwa joto hili kweli twende Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje? Nendeni. Ila msifuate ratiba ya mtu anayelala mpaka saa tatu.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ndani. Ni miguu tu, mkiongozwa na mwenyeji wa njia. Mzunguko wa Sanje huchukua muda wa saa nne hivi, nanyi mnaanzia chini kwenye bonde la Kilombero, kwenye mashamba ya miwa na joto lake. Mkiingia msituni mtapata kivuli, lakini msidanganyike. Hewa ya mle imejaa unyevu, jasho linamwagika bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa hiyo kunyweni maji kidogokidogo kabla kiu haijawashika, na mbebe kitu chenye chumvi. Mimi sikosi kanga ya kulowesha na kujitanda shingoni. Mwenzenu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, msimwambie ajikaze. Mkalisheni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji. Akianza kuongea asiyoyaelewa, hiyo ni dharura. Mwambieni mwongozaji papo hapo.

Halafu nawaomba jambo moja: nyamazeni. Ninyi mnapanda na spika ya muziki, kisha mnarudi mkisema hamkuona mnyama. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa Udzungwa kwa ajili ya mbega wekundu walisikia kwanza sauti ya nyani wasiyemfahamu, kabla ya kumwona. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Leo dunia inamwita mangabei wa Sanje, na haishi porini popote nje ya milima hii. Hebu fikirini, mnyama wa pekee namna hiyo, nanyi mnampita kwa kelele! Joto lenyewe linawadai mpunguze mwendo, basi kila mnapopumzika sikilizeni matawi yakitikisika juu, na vipande vya matunda vikidondoka. Na msiwape nyani chakula. Nyani akizoea mkono wa mtu hujifunza kupora, na anaweza kuambukizwa mafua yenu.

Sanje inashuka karibu mita 170 kwa ngazi tatu. Mkifika mtatamani kujitosa na jasho lenu. Subirini kwanza mwili utulie, mwulizeni mwongozaji bwawa lipi ni salama, na msiruke kutoka kwenye mwamba, kwani ule ukungu wa maji huacha mawe yanateleza vibaya. Vaeni viatu vyenye meno, si kandambili. Maji yakigeuka rangi au yakiongezeka ghafla, tokeni upesi, maana mvua inaweza kuwa imenyesha juu huku kwenu jua linawaka. Sabuni iacheni nyumbani, maana maji hayo yanateremka kwa watu bondeni.

Na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo iko karibu, msiibandike jioni ya siku hiyohiyo mkiwa hoi. Ipeni asubuhi yake, muwe langoni linapofunguliwa. Ikifika saa sita simba amelala kivulini, na viboko wamezama bwawani mnaona pua tu.