Sanduku lenye sauti nzito

Ninyi watoto, mmekwisha kuona sanduku tupu la mbao limetupwa nyuma ya duka. Mama hulipasua apate kuni. Kuku huingia ndani yake akataga mayai. Lakini wako watu wanaolitazama sanduku kama hilo na kusema: «Hili lina sauti ndani yake.» Leo tutajifunza namna ya kuitoa sauti hiyo, tena tutaona inafaa nini.

1. Kijana aliyepewa sanduku

Mwaka mmoja vijana wanne wa darasa la sita walitaka kupiga muziki siku ya kufunga masomo. Wa kwanza aliazima gitaa la baba yake mdogo. Wa pili alikuwa na chupa, na msumari wa kuigonga. Wa tatu alikuwa na kopo lenye mbegu ndani. Wa nne hakuwa na kitu. Wenzake wakamwambia: «Wewe utapiga sanduku.»

Yule kijana alikasirika. Aliona ya kuwa wanamdharau. Gitaa lina nyuzi sita, sanduku lina kamba moja. Mpiga gitaa hutazamwa na watu wote. Mpiga sanduku husimama nyuma.

Hata hivyo walitoboa tundu katika kitako cha sanduku, wakapitisha kamba, wakaifunga juu ya mpini wa ufagio. Ikabaki siku tatu tu kabla ya sikukuu. Yule kijana akaivuta kamba kwa hasira. Paa! Fundo likapasua mbao na kutoka nje.

Wenzake wakacheka. Mwenye gitaa akasema: «Si kitu. Tutapiga bila sanduku.» Wakaanza kupiga.

Wimbo ulikuwa uleule, na gitaa lilikuwa lilelile. Lakini watoto wadogo waliokuwa wakicheza uwanjani wakasimama mmoja mmoja. Miguu yao haikujua tena ikanyage wakati gani. Mwenye gitaa akaanza kukimbia mbele, mwenye chupa akabaki nyuma. Yule kijana, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake bovu, alitambua kabla ya wenzake kitu kilichopungua. Akaja kwangu akasema: «Frère, naomba kibao kidogo na gundi.»

2. Kwa nini sanduku linalia

Sauti ni mtikisiko. Ukigusa ngozi ya ngoma inapopigwa, vidole vyako vinasikia mtikisiko huo. Kitu kinachotikisika upesi hutoa sauti nyembamba. Kitu kinachotikisika polepole hutoa sauti nzito. Uzi mnene kupita zote wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi katika sekunde moja. Sikio la mtu huanza kusikia sauti penye mitikisiko 20 hivi kwa sekunde.

Mambo matatu huamua sauti ya kamba. La kwanza ni urefu: kamba ndefu hutoa sauti nzito. Ukiifupisha kufika nusu, do ya chini inakuwa do ya juu. La pili ni unene: kamba nene hutikisika polepole kuliko nyembamba. La tatu ni kukaza: ukiivuta kamba kwa nguvu mara nne ya kwanza, hutikisika upesi mara mbili, nayo pia hupanda kutoka do hata do.

Basi sanduku lafanya kazi gani? Funga kamba kati ya miti miwili, uipige. Utasikia kidogo sana. Kamba ni nyembamba, hupita katika hewa kama kisu, haiwezi kuisukuma. Lakini kamba ikifungwa kwenye kitako cha sanduku, kitako nacho hutikisika. Kitako ni kipana, husukuma hewa nyingi. Ndiyo maana sauti nzito hutaka sanduku kubwa. Kopo dogo haliwezi kuibeba.

3. Ndugu za sanduku hili

Msidhani ya kuwa chombo hiki kilizaliwa kwetu Mashamba. Kina ndugu katika nchi nyingi.

Zamani, kabla ya masanduku ya biashara kufika, watu walitumia ardhi yenyewe. Waganda wa Uganda walikuwa na chombo kinachoitwa sekitulege. Walichimba shimo dogo, wakalifunika kwa gome la mti, wakafunga uzi katikati ya gome. Ncha ya pili ya uzi waliifunga kwenye fimbo iliyochomekwa chini na kupinda. Shimo lile ndilo lilikuwa sanduku lao.

Katika kisiwa cha Unguja, huko Zanzibar, uko muziki wa arusi unaoitwa kidumbak. Mna fidla, ngoma mbili ndogo, vitu vya kugonga na kutikisa, na sanduku la chai lenye fimbo na kamba moja. Watu wa Unguja hawakutafuta jina jingine. Chombo hicho hukiita sanduku tu. Masanduku ya chai yalifaa sana. Yalikuwa makubwa, mepesi, na yametengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, ndizo tripleksi. Baadaye wafanya biashara walianza kuweka chai katika mifuko ya karatasi, na masanduku yale yakawa adimu.

Hata Wazungu walipiga sanduku la chai. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Uingereza hawakuwa na fedha za kununua kontrabasi, ndiyo fidla kubwa ya sauti nzito. Katika mji wa Liverpool kundi moja la vijana wa namna hiyo liliitwa The Quarrymen. Tarehe 6 Julai 1957 lilipiga katika sikukuu ya parokia moja. Siku hiyo kiongozi wake, John Lennon, alikutana na Paul McCartney. Baadaye wawili hao walijulikana duniani kote katika kundi la The Beatles. Walianza na sanduku la chai nyuma yao.

Ndugu mwingine yuko ng'ambo ya bahari, kisiwani Kuba. Mnakijua kisanji, ambacho wengine hukiita likembe: vyuma vyembamba juu ya kibao, mtu huvipiga kwa vidole gumba. Waafrika waliochukuliwa utumwani, wengi wao kutoka nchi za Kongo, hawakuruhusiwa kubeba mizigo, lakini walibeba ujuzi kichwani. Huko Kuba watu walifanya kisanji kikubwa kwa sanduku la mbao. Mpigaji huketi juu yake na kupiga vyuma mbele ya miguu yake. Chombo hicho huitwa marimbula, na kazi yake ni sauti nzito. Tangu miaka ya 1930 sahani za muziki wa Kuba ziliuzwa huku Kongo, na wapigaji wetu wakaupenda. Walisikia kitu cha nyumbani kinarudi.

Karibu na sisi, Lubumbashi, wako wanaopiga karindula. Huwamba ngozi ya mbuzi juu ya pipa, hutia shingo ndefu ya mti na nyuzi nne. Hilo ni pipa, si sanduku, lakini akili ni ileile.

Tena mkumbukeni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alishika sauti ya gitaa lake katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Katika wimbo wake Masanga yuko peke yake na gitaa moja. Lakini sikilizeni vizuri: kidole gumba kinatembea katika nyuzi nene, nacho kidole cha pili kinacheza katika nyuzi nyembamba. Hakuwa na mwenzake wa kupiga sanduku, basi kidole gumba chake kikawa sanduku.

4. Namna ya kulitengeneza

Tafuteni sanduku lenye kitako cha tripleksi, upana wake nusu meta au zaidi, mpini wa ufagio, kamba ngumu ya nailoni, meta mbili, kibao kigumu, kikubwa kama kiganja, na gundi.

Kwanza, ng'oeni misumari yote inayochomoza. Geuzeni sanduku, uwazi ukae chini na kitako kiwe juu.

Pili, pigeni mistari miwili kutoka pembe hata pembe. Inapokatana ndipo katikati. Toboeni hapo tundu dogo, kamba iweze kupita tu.

Tatu, toboeni kibao pia, mkigandishe kwa gundi ndani ya sanduku, chini ya tundu. Subirini gundi ikauke usiku mzima. Kazi hii vijana wale waliiacha kwa haraka yao, na mmeona matokeo. Fundo lisipokuwa na kibao, nguvu zote za kamba hukaa mahali pamoja na kupasua mbao. Likiwa na kibao, nguvu hugawanyika.

Nne, pitisheni kamba, mfunge fundo kubwa chini ya kibao.

Tano, chongeni mfuo katika ncha ya chini ya mpini, upate kusimama juu ya ukingo wa sanduku bila kuteleza. Fungeni kamba juu ya mpini.

Sita, wekeni kijiwe chini ya upande mmoja wa sanduku, sauti ipate njia ya kutoka. Mpigaji aweke mguu juu ya sanduku. Mkono wa kushoto uvute mpini, mkono wa kuume upige kamba. Akivuta, sauti hupanda, akilegeza, hushuka.

5. Maonyo

Kabla ya kuchukua sanduku, ulizeni lilibeba nini. Sabuni, chai, samaki: vema. Lakini sanduku, pipa au mtungi uliotoka mgodini au kiwandani msiuchukue, hata ukionekana mtupu. Katika viwanda vya shaba na kobalti hutumiwa asidi ya salfa, ambayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Masanduku mengine yalibeba baruti. Tena msikate waya wa umeme kuwa kamba. Umeme unaua, na waya huo si mali yenu. Muziki ulioanza kwa wizi au kwa kilio cha mama hauna tamu.

6. Siku ya sikukuu

Yule kijana alitia kibao chake, akangoja gundi ikauke. Siku ya sikukuu alisimama nyuma, mguu juu ya sanduku. Alipiga sauti chache tu, lakini kila moja ilianguka mahali pake. Watoto walicheza, wazazi wakacheza, hata bibi mmoja mwenye mkongojo akainuka. Watu walimsifu mwenye gitaa. Hakuna aliyemsifu mpiga sanduku.

Lakini jioni, walipokwenda nyumbani, nilimwona mwenye gitaa njiani. Gitaa alikuwa amempa mdogo wake alishike. Yeye mwenyewe alikuwa amejitwika sanduku kichwani.

Maulizo

1. Kwa nini yule kijana alikasirika mwanzoni?
2. Watoto wadogo waliacha kucheza kwa sababu gani?
3. Taja mambo matatu yanayoamua sauti ya kamba.
4. Kamba peke yake haisikiki sana. Kwa nini?
5. Katika sekitulege, kitu gani kinafanya kazi ya sanduku?
6. Kibao chini ya tundu kina kazi gani?
7. Kwa nini hatuchukui pipa lililotoka kiwandani?
8. Mwenye gitaa alijitwika sanduku. Alitaka kusema nini bila maneno?

Kazi

Funga kamba ya mpira kati ya misumari miwili juu ya kibao, uipige. Kisha weka kibao hicho juu ya sanduku tupu, uipige tena. Andika mistari mitano kueleza ulichosikia.