Shida Bado Ipo, Mwili Utulie Vipi?

Anayedaiwa mkopo wa kausha damu hasaidiki kwa kuambiwa "usiwaze". Deni lipo, mdai atapiga simu tena saa nne usiku, na mwili unalijua hilo hata kabla simu haijaita: moyo unadunda, kinywa kinakauka, tumbo linajikunja. Mbinu zilizo hapa chini hazilipi deni. Zinausaidia mwili kutulia wakati deni likiendelea kulipwa, kwa maana ustahimilivu si kutotishika kabisa, ni kurudi upesi katika hali ya kawaida baada ya kutishika.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde. Dakika chache baadaye hufuata kortisoli, homoni inayoongeza sukari kwenye damu ili upate nguvu. Kwa kawaida kortisoli hiyohiyo hurudi kwenye ubongo na kuuarifu kwamba imetosha. Mwaka 1968, Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwamba hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, ina vipokezi vya homoni za aina hii. Sehemu hiyo ni mojawapo ya breki za mfumo mzima. Msongo ukidumu miezi na miaka, breki hulegea: usingizi unapaa, kumbukumbu inapungua, presha inapanda na kinga ya mwili inadhoofika.

Nyani wa Mara wanasemaje?

Tangu mwaka 1978, mtafiti wa msongo Robert Sapolsky alikuwa akienda Kenya kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara. Aliwapulizia vishale vyenye dawa ya usingizi, kisha akawatoa damu na kupima homoni. Mara nyingi madume wa ngazi ya chini walikuwa na kortisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Lakini cheo peke yake hakikutosha. Hata miongoni mwa wakubwa, waliokuwa na kortisoli kidogo ni wale waliojua kumtenganisha mpinzani aliyekuja kwa shari na yule aliyekuwa anajipitia tu, na wale waliokuwa na wenzao wa kukaa nao na kuchambuana manyoya. Kulikuwa na tabia nyingine, mbaya: dume akishindwa, alimgeukia mdogo wake na kumtandika. Yeye alipata nafuu, mzigo ukamwangukia mwenzake.

Mbinu tano

*1. Tenganisha shari na mpita njia.* Chukua karatasi, uandike kila kinachokusumbua. Upande mmoja weka yanayodai hatua wiki hii: ada, kodi, marejesho ya kikoba. Upande wa pili weka maneno ya watu na mambo ya "ikitokea je". Upande wa kwanza, kila jambo liandikie hatua moja na siku yake. Wa pili usiupe saa zako za usiku.

*2. Hasira itokee miguuni.* Ukitoka kazini umefokewa, usiingie nyumbani nayo. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, utembee kwa kasi. Mwili ulioandaliwa kukimbia hutulia ukitumiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

*3. Refusha pumzi ya kutoka.* Kaa, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, pale nesi anapopimia mapigo. Vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Ukisikiliza vizuri, mshipa unaenda mbio kidogo unapovuta na kupungua unapotoa. Kinachoupunguza ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo. Endelea kwa dakika tano.

*4. Linda usiku.* Kortisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, hupanda kuelekea alfajiri na kufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka. Amka saa ileile kila siku, utoke nje upate mwanga. Kahawa na chai kali viishie mchana. Simu ilale chumba kingine au izimwe. Mdai atakupata asubuhi.

*5. Usijifungie.* Huko Amboseli, pia nchini Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu 1971, majike wenye urafiki imara huishi muda mrefu zaidi kuliko wapweke. Aibu ya deni au ya ndoa hufanya mtu awakwepe hata wa kikoba chake. Chagua mmoja asiyetangaza siri, umweleze jambo lenyewe kwa jina lake na kiasi chake, si "mambo magumu tu".

Wapi mbinu zinaishia

Ikiwa kwa wiki mbili hulali, huli, na hufurahii chochote, nenda kituo cha afya umweleze mhudumu wazi, usimtajie maumivu ya kichwa pekee. Fikra za kujiua zikija, mwambie mtu uliye naye karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo. Na kama chanzo ni bosi anayetukana au mume anayepiga, pumzi ya taratibu ikupe utulivu wa kupanga namna ya kuondoka au kushtaki, isikuzoeshe kuendelea kukaa.