Bango Lililowapoteza Watu, na Gridi ya Uswisi

Mwaka jana nilitengeneza bango la mhadhara wa jumuiya yetu. Nilitumia aina tano za herufi, maua pembeni, na picha ya msikiti nyuma ya maandishi. Nililipenda sana. Siku yenyewe akina dada wawili walifika watu wakiwa wameshaondoka, kwa sababu saa niliiandika kwa rangi ya dhahabu juu ya kuba la njano. Hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu wabunifu wa Uswisi wa miaka ya 1950. Nchi ile ina lugha rasmi zaidi ya moja, na tangazo moja huenda likabeba Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano pamoja. Huko Basel walifundisha Emil Ruder na Armin Hofmann. Zürich alikuwepo Josef Müller-Brockmann, ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu kizima kuhusu gridi. Jarida aliloanzisha na wenzake, Neue Grafik, lilitoka kwa lugha tatu kuanzia 1958 hadi 1965.

Gridi ni mistari unayoichora kwanza, ambayo msomaji haioni. Kila neno na kila picha huanzia kwenye mstari. Chukua karatasi ya A4, upana wake milimita 210. Acha pambizo la 15 kila upande, zibaki 180. Gawa safu tatu, kati yake nafasi za 6. Kila safu itakuwa 56. Sasa weka tarehe na saa katika safu moja, jina la mhadhiri chini yake, na safu nyingine iache tupu. Ndiyo, tupu! (Hapo ndipo kamati hukunja uso, kana kwamba karatasi imepotea bure.)

Kwa herufi, wao walichagua zisizo na vijimkia, kama Helvetica ya Max Miedinger na Eduard Hoffmann, iliyotoka 1957 kwa jina Neue Haas Grotesk. Aina moja inatosha. Tofautisha kwa ukubwa na unene.

Siwafuati katika jambo moja. Wao walipenda maandishi yote yaanzie kushoto, lakini aya ya Kiarabu huanzia kulia. Mimi huipa safu ya kulia, kwa hati ya naskhi, na kuachanisha mistari ili irabu zipumue.

Bango la mwezi huu nimelipanga hivyo. Bado nabishana na kamati kuhusu maua.